Njooni Mnizike

Ijumaa, 2 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua dirisha la mapokezi, benchi limeshajaa, miamvuli inachuruzika sakafuni. Mfumo ulifunguka mara moja. Jina, umri, kijiji, unaumwa nini, nenda pale kasubiri. Hivyo hivyo mpaka mchana.

Jana Mei Mosi. Mfanyakazi bora wa hospitali yetu mwaka huu ni nesi Rehema wa wodi ya wazazi. Kapewa jiko la gesi. Anastahili, sina neno. Mwaka jana alikuwa mpishi, mwaka juzi dereva. Leo wakati wa chai nikauliza mbona Maganga hajawahi hata kutajwa. Katibu wa hospitali akashangaa kwelikweli. Akasema Maganga si anakaa tu.

Ni kweli anakaa. Maganga ndiye fundi wetu wa kompyuta, peke yake hospitali nzima. Mambo yakienda sawa yuko kwenye kile chumba cha mashine, mlango wazi, anatafuna karanga. Yakiharibika anatukanwa na kila mtu. Mimi namtukana kila siku, yaharibike yasiharibike, lakini mimi nina haki. Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru. Ni mtani wangu.

Leo kaniambia sisi Waluguru hata tukitembea barabarani tunanyanyua miguu juu, eti tumezoea kupanda. Nikamwambia arudishe upagazi wake Tabora. Nikamwambia na siku akifa nitalala mbele ya jeneza, halitoki mpaka nipewe ada yangu ya utani. Akasema atakufa siku nisiyokuwepo makusudi, nikose. Tumecheka mpaka wagonjwa wakacheka.

Siku nzuri. Ila hii mvua siipendi.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Mashamba ya juu yameanza kukatika. Kuna doa jekundu kwenye mlima ambalo jana halikuwepo.

Nilikuwa mtoto udongo uliposhuka ukafukia jiko la bibi. Bibi alikuwa ametoka kuchuma mboga. Tangu hapo nikisikia mvua ya namna hii naamka nautazama mlima. Watu wazima hawaogopi mvua, najua. Mimi naogopa. Sijawahi kumwambia mtu.

Jumatano, 7 Mei

Mtandao unasumbua. Hayo ndiyo maneno yangu ya leo, nimeyasema mpaka mate yamekauka. Mtandao unasumbua, mama. Subiri, baba, mtandao. Mzee mmoja kaniambia huo mtandao wenu una roho mbaya.

Mafaili ya karatasi tuliyaacha. Kumbukumbu zote za wagonjwa ziko mjini Morogoro, zinatufikia kupitia mnara wetu mdogo ulioko juu mlimani, huko kwenye ukungu. Mnara ukizima sisi tunakuwa vipofu. Daktari hajui mgonjwa alikuja lini, alipewa nini, kipi kilimdhuru.

Maganga kasimama uani anautazama mlima muda mrefu. Kasema upepo umelisogeza dishi. Linatakiwa kurudishwa kwa mkono. Kasema asubiri mvua ipungue, njia ya huko ni utelezi mtupu. Katibu kakunja uso.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi aliletwa mtoto wa kike, anahema juujuu, homa kali. Mama yake anasema safari iliyopita alichomwa sindano akavimba uso mpaka macho yakapotea. Sindano gani? Hajui. Iliandikwa kwenye kompyuta. Daktari kashika bomba la sindano, kaliweka chini, kalishika tena. Sijawahi kumwona daktari akiogopa.

Nikamfuata Maganga. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, haikuwa imekatika. Nikamwambia, "Mpagazi, mzigo uko mlimani. Unangoja nani akubebee?"

Nilisema kwa utani. Nilimaanisha pia. Akacheka, akavaa mabuti, akachukua mfuko wake wa vifaa. Akaniambia nimwachie ugali. Nilimtazama mpaka migomba ikamficha.

Mchana mfumo ukarudi. Ghafla tu, skrini zote. Watu wakapiga makofi wodini. Daktari akafungua kumbukumbu za yule mtoto, akaiona ile dawa, akampa nyingine. Jioni hii mtoto ananyonya chungwa. Hakuna aliyelitaja jina la Maganga. Hata mimi, maana foleni ilikuwa mpaka nje.

Wakati nafunga dirisha ukaingia ujumbe wake. "Mtani nimeanguka. Njooni mnizike."

Nikamjibu, "Subiri tumalize kula ugali wako. Na jeneza utajibebea mwenyewe." Nikamwonyesha Rehema, tukacheka wote wawili.

Hajajibu. Huyu mtu huwa ananijibu kabla sijaweka simu mezani.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika hapa hapa mapokezini, chini ya kaunta.

Maganga hajaja. Chumba cha mashine kimefungwa. Simu yake haipatikani. Nimemtuma mfagiaji akaulize anapopanga. Mwenye nyumba kasema mlango haujafunguliwa tangu jana. Mke na watoto wako Tabora. Hapa hana mtu wa kuuliza kwa nini hajarudi.

Nimeusoma ule ujumbe tena. Mtani nimeanguka. Usiku mzima niliusoma kama utani. Sasa nausoma kama ulivyo.

Hapana. Labda kalala kwa watu huko juu. Labda simu imeisha chaji. Labda kakasirika.

Mtani hakasiriki.

Nimekwenda kwa katibu. Nimemweleza. Akageuza kompyuta yake nione. Akasema, "Mfumo si upo, dada Mwajuma? Basi naye yupo." Akaendelea na kazi.

Nimerudi kukaa. Nimeandikisha wagonjwa wawili nikawakosea majina wote. Mvua imeanza tena. Naogopa kupanda. Naogopa mno. Lakini yule mtu nilimtuma mimi.

Nimemwomba Rehema anishikie dirisha. Kaniuliza naenda wapi. Nilipomwambia, yeye ndiye aliyeanza kulia. Alikumbuka alivyocheka.

Jumamosi, 10 Mei

Yu hai. Naandika hilo kwanza.

Jana nilipanda hadi kwa mzee Aloisi, Mkatoliki mmoja anayelima kabichi chini ya mnara. Nikampa shikamoo huku nahema. Kasema alimwona Maganga akipanda juzi, akampungia mkono. Kushuka hakumwona, akadhani kapita njia ya upande wa pili. Hakuuliza zaidi. Akachukua panga na kamba, akaita majirani zake kwa mluzi.

Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa mbele humwoni. Njia imekatika sehemu mbili. Sehemu ya pili udongo ulikuwa bado unateremka kidogo kidogo, unasikia vijiwe vinagongana huko chini. Mzee Aloisi kaniambia nibaki. Nikataka kubaki. Nikavua viatu nikapita. Nilikuwa naomba dua kwa sauti, yeye anasali rozari yake, hakuna aliyemcheka mwenzake.

Tuliita jina lake. Hakuna. Tukaita tena. Nikaona mfuko wake wa vifaa umenasa kwenye kichaka, chini ya njia. Niliona kabisa jinsi nitakavyompigia simu mke wake, na sikulijua neno la kuanzia.

Halafu nikaita nisichopanga kuita. Nikasema, "We mpagazi." Kwa sauti ya mapokezini kabisa. Kikajibu kitu kule korongoni. Hakikuwa neno. Ilikuwa sauti tu.

Alikuwa kajibana chini ya mwamba, maji yanapita miguuni. Mguu wa kulia umevunjika, mfupa unaonekana. Midomo ya kijivu. Alikuwa ameshalitengeneza dishi, anashuka, njia ikaondoka naye. Simu aliishika akaandika yale maneno, kisha ikamponyoka ikaingia majini. Jibu langu hakulisoma. Sijui nishukuru au nilie.

Walikata miti miwili, wakafunga kanga yangu na kamba, wakatengeneza machela. Wakulima wa kabichi walimbeba, wanapokezana, wanateleza, wanashika mizizi. Mnyamwezi kabebwa na Waluguru. Siku nyingine ningelisema hilo kwa sauti. Jana nilishika tu pembe ya machela.

Chini, mapokezini, ilibidi nimwandikishe. Mfumo ulifunguka upesi. Jina, umri, anaishi wapi. Ilipofika kwenye kazi yake sikuweza kuandika, Rehema akaniandikia. Wakampeleka mjini kwa gari la wagonjwa. Katibu alisimama mvuani bila mwamvuli mpaka gari likapotea.

Jumatatu, 12 Mei

Ufunguo wa ziada wa chumba cha mashine ulikuwa kwa katibu. Tumefungua asubuhi kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinalia mle ndani, pi pi pi.

Mle ndani kuna ndoo. Iko juu ya meza, katikati ya mashine mbili, imejaa mpaka ukingoni. Paa linavuja. Pembeni kuna dekio na vitambaa vimekunjwa vizuri. Maji yalikuwa yameshaanza kumwagika kuelekea kwenye nyaya.

Hatukujua kwamba paa linavuja. Mfagiaji haruhusiwi kuingia mle. Maganga alikuwa anaimwaga ile ndoo kila siku kabla sisi hatujafika, masika yote, halafu anakaa anatafuna karanga na sisi tunapita tunasema huyu anakaa tu. Alishaomba mafundi wa paa? Katibu kasema ndiyo, aliomba. Kasema polepole. Kisha akaibeba ndoo yeye mwenyewe akaenda kuimwaga, suruali ikalowa.

Mashine ikanyamaza. Mimi moyo haujanyamaza. Mjini wanasema mguu una uchafu wa tope, wanauosha kila siku.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimekwenda mjini kumwona. Nimefanya kosa.

Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumshukuru. Nimefanya naye kazi miaka yote hii, sijawahi kumwambia neno moja jema. Nikanunua machungwa. Nikavaa gauni la kwendea harusini. Nikaingia wodini, nikasimama pembeni ya kitanda, nikasema, "Pole sana na kazi, Maganga. Tunakushukuru mno kwa yote. Mungu akuzidishie."

Alikuwa anatabasamu nilipoingia. Tabasamu likaondoka. Akanitazama usoni, akatazama gauni, akatazama machungwa. Akaanza kupumua haraka. Akamwita nesi wa zamu, akamuuliza wamemficha nini. Nesi hakuelewa. Akasema, "Huyu ni mtani wangu. Mbona ananisema vizuri?"

Nilielewa papo hapo na sikuweza kurekebisha. Mtani hakusemi vizuri ukiwa mzima. Nilitaka kumtukana, nikafungua mdomo, nikaona mguu wake ulivyofungwa, tusi halikuja. Nikabaki naangalia sakafu, na huko kuangalia sakafu kukazidi kumwogopesha. Aliomba simu ya nesi ampigie mkewe.

Nimetoka nikilia. Nimekwenda kumshukuru mtu nikamtangazia kifo.

Ijumaa, 16 Mei

Homa. Tangu jana. Nesi wa mjini kanipigia, nilimwachia namba. Hataki kula. Daktari wa mifupa anasema wanaweza kuukata mguu, wasipoukata wanaweza kumkosa kabisa. Wataamua kesho kutwa. Mkewe yuko njiani anatoka Tabora.

Nesi kasema mgonjwa anauliza mara kwa mara yule dada wa Kiluguru alikuwa anajua nini.

Sikula. Nimekosa usingizi. Sijui kama maneno yanaweza kumuua mtu. Sitaki kujua.

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi mjini. Nimevaa gauni la kazini, lile lenye doa la wino. Mikono mitupu. Kwenye geti la hospitali nikakaa kwenye ukuta mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Alikuwa kageukia ukutani. Kapungua. Mkewe, mama mpole, amekaa kwenye kigoda. Nikamsalimu. Nikamwomba radhi mapema kwa nitakayoyasema.

Nikasimama miguuni pa kitanda. Nikasema, "We mpagazi. Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani wakarudi kwa miguu, wewe umepanda kilima cha kuchumia mboga ukavunjika. Huna aibu. Ndoo yako naimwaga mimi, mgongo unaniuma, na ugali wako nililipia halafu hukuja. Ukifa sasa hivi nakwambia sizikwi na mtu, nalala mlangoni, mkeo shahidi."

Wodi nzima ikageuka kututazama. Mkewe kaziba mdomo. Nilijua nimeharibu kabisa, kwamba sasa ndiyo nimemmaliza.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akageuka polepole, machozi yanamtoka, akasema, "Hata kutukana hujui. Anayezikwa ni mimi, si wewe."

Kweli nilikosea. Nilitaka kusema hazikwi mtu. Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha Maganga akaomba uji.

Jioni wamesema wasubiri kwanza, wasikate. Homa bado ipo. Naogopa bado. Lakini kanywa uji wote.

Ijumaa, 23 Mei

Homa imeshuka. Mguu umebaki. Hatapanda mlima tena, daktari kasema wazi. Atatembea na fimbo.

Mafundi wa paa wamekuja. Katibu kasimama chini ya ngazi saa zote wanazofanya kazi. Kwenye chai kasema Mei Mosi ijayo hatutangoja mtu avunjike. Kila mtu kanywa chai yake. Rehema kamtumia mke wa Maganga lile jiko la gesi. Kasema la kwake la mkaa linamtosha.

Mjini wametuma binti wa kushika nafasi kwa muda. Leo asubuhi nimempelekea chai ndani ya chumba cha mashine, nikamwambia pole na kazi. Akashangaa. Kasema bado hajafanya kitu. Nikamwambia ndiyo hivyo, tunaanza mapema.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imerudi kidogo. Nyembamba, ya mwisho mwisho. Mfumo ulifunguka mara moja. Jina, umri, kijiji. Yule mtoto wa kike kaja kliniki, uso mzuri, kanipa ganda la chungwa nimtupie.

Mlima hauonekani kwa ukungu. Sijautazama sana.

Mchana simu ikalia mezani. Maganga, kwa simu yake mpya. "Mtani nakufa kwa njaa. Njooni mnizike."

Niliusoma mara mbili. Foleni ilikuwa ndefu, mama mmoja kashaniwekea kadi yake mbele. Nikamwomba anisubiri.

Nikaandika, "Uko wapi?"

Akajibu yuko kitandani, mkewe anapika.

Nikaandika, "Ndani? Pakavu?"

Akajibu ndani, pakavu.

Ndipo nikamtukana.